Pikapu Iliyojishika Breki

Kilichonifanya nianze kumshuku dereva wangu ni jinsi alivyokuwa akichelewa kwa utulivu. Mtu aliyechelewa kwa haki hufika anahema na kutoa maelezo kabla hajaulizwa. Yeye alikuwa anaingia uani saa kumi na moja jioni badala ya saa nane, anazima gari, anateremka, ananawa mikono kwenye pipa, ndipo ananiambia, "Mama, imejishika tena. Nikaisubiri ikapoa." Basi, hana la zaidi. Utadhani pikapu ni ng'ombe aliyelala njiani na mtu hana la kufanya ila kungoja aamke.

Mimi nauza mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba yanayobaki baada ya mafuta kukamuliwa. Nayachukua mashineni hapa Bariadi mjini na kuwapelekea wafugaji wa Nkololo na Sapiwi, ambao kiangazi kikikaza hawana kingine cha kulishia. Kazi yote inategemea pikapu moja kuukuu, kubwa kwa umri kuliko mwanangu wa kwanza. Ilikuwa ya baba. Baba aliendesha malori ya kiwanda cha kuchambulia pamba maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu akainunua pikapu hiyo ikiwa tayari imeshachoka. Akaiendesha mpaka pale alipogonga nguzo ya geti letu mara mbili katika wiki moja. Siku ile ya pili nilimnyang'anya ufunguo. Natumia neno hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliutoa mkononi mwake, nikampa mtu ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha gari, mtu mzima wa makamo, mpole, aliyeoa Nkololo.

Nisijifanye malaika. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua sukari naichungulia, nikiletewa habari njema naangalia viatu vya aliyeileta. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba hata nikifika mbinguni nitauliza nani mwenye ufunguo wa stoo. Biashara imenifundisha hivyo, na sijutii yote. Kwa hiyo niliposikia "imejishika, nikaisubiri ikapoa" kwa mara ya tatu, tayari nilikuwa na hadithi kamili kichwani: dereva anabeba abiria na mizigo ya watu, au ana nyumba ndogo mahali fulani kati ya hapa na Nkololo, na breki ndiyo kisingizio. Breki haiwezi kusimama ushahidini ikakanusha.

Nikaamua kupanda naye. Alfajiri moja nikakaa kiti cha mbele, mashudu nyuma, kitambaa kichwani, macho kwenye miguu yake. Kwa nusu saa gari lilikwenda vizuri tu, nami nikawa namtazama kwa jicho la "sasa je?" Kisha likaanza kuwa zito. Hakukanyaga chochote, nililiona hilo, lakini gari lilianza kuvutwa nyuma, injini ikaguna, akashusha gia, likaguna zaidi. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Akalitoa pembeni na lenyewe likasimama, magurudumu yote manne yamebanwa, kanyagio la breki limekuwa gumu kama jiwe na limepanda juu. Alinionyesha ringi. Nilitema mate kidogo kwenye ringi ya mbele, yakachemka. Tukakaa chini ya jua karibu saa nzima. Joto lilipopungua, gari likajiachia lenyewe na kuondoka kama vile hakuna kilichotokea.

Mtu mwingine angesema: basi, kumbe kweli. Mimi nilijiambia kwamba leo amejua nitapanda naye, akafanya jambo. Ni jambo gani, sikujua. Lakini sikuacha kuamini kwamba lipo.

Fundi wa kwanza, hapa mjini, alisema ni hendibreki imekazwa mno na brekishu za nyuma zimesogezwa karibu na dramu. Akalegeza. Nilikaa kwenye kigoda mbele yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, maana nimesikia habari za mafundi wanaotoa kizuri na kurudisha kibovu, na kila spana iliyokwenda chini ya gari niliisindikiza kwa macho. Alinivumilia. Siku mbili baadaye gari likajishika. Fundi wa pili akacheka kazi ya mwenzake, akasema ni hosi za mbele, mipira ile ya breki, kwamba imeoza kwa ndani ikawa inaruhusu mafuta kwenda lakini hairuhusu kurudi. Maneno yake yalikuwa na akili. Tukabadili hosi. Siku moja baadaye likajishika tena, nami nikaanza kumshuku muuza spea kwamba ananiuzia mafuta ya breki yaliyochakachuliwa. Jirani yangu, ambaye naye huuza mashudu, alipita akasema kwa sauti ya huruma, "Jamani, hilo gari limetupiwa kitu, mtafute mtaalamu." Huruma yake sikuipenda. Usiku ule nilimwambia dereva alitoe gari kwenye ukuta wa upande wa jirani, alisogeze karibu na dirisha la baba.

Baba wakati huo wote alikuwapo. Kila asubuhi alikuwa ameketi uani na redio yake, karibu na madumu ya mafuta ya pamba ninayopewa mashineni, na kila aliyepita alimwamkia. Nilikuwa nampa chai, namuuliza amelalaje, naenda kuendelea na upelelezi wangu.

Jambo lilifika kileleni siku ya mnada wa Nkololo. Nilikuwa nimemwambia dereva wazi, siku chache kabla, kwamba nampa nafasi ya mwisho. Gari likinigomea siku ya mnada, yeye na mimi basi. Alinijibu, "Sawa, mama," akaangalia chini. Nikasema moyoni, mwenye hatia huyo. Tukaondoka mapema. Hatua chache kabla ya kufika pale wanunuzi wangu wanaponisubiri, pikapu ikaanza kuguna, ikabanwa, ikasimama katikati ya njia ya ng'ombe. Watu wakawa wanaswaga mifugo kuizunguka. Mmoja akacheka. Moshi mwembamba ukatoka gurudumu la nyuma.

Nilishuka na hasira niliyokuwa nimeikusanya kwa wiki tatu. Nilimwambia hapo hapo, kwa sauti, mbele ya watu, kwamba yeye ni mwizi, kwamba nimechoka kufanywa mjinga, kwamba ajue najua, na anipe ufunguo wangu. Katika wale waliokuwa wakisubiri mashudu alikuwapo mama mkwe wake. Nilimwona. Sina budi kusema hivyo, nilimwona kabla sijafungua mdomo. Kwetu mtu na mkwewe hawapishani hivi hivi njiani. Mkwe akitokea, mwanamume huacha njia, hushusha sauti, hujifunika heshima mwili mzima. Na mimi nikamwita mwizi mkwe wa mtu mbele ya mkwewe, wakati mama wa watu ameshika gunia tupu anasubiri chakula cha ndama.

Yule mama aligeuka akatazama upande mwingine, kwa kumsitiri. Dereva alichomoa ufunguo akanipa kwa mikono miwili. Hakujitetea. "Wabeja, mama," alisema, yaani ahsante, akaondoka kwa mguu kuelekea upande ambao mkwewe hakuwapo. Niliona kutojitetea kwake kama hati ya kukiri.

Ilibidi gari lirudishwe na mtu wa kuazima. Kesho yake nikamtafuta fundi ambaye hakuna mtu hapa Bariadi anayemjua vizuri, kusudi asiwe amekula njama na yeyote. Nilimpata Nyalikungu, kule Maswa, mzee mwembamba wa maneno machache. Alikuja na basi, na mfuko mmoja wa spana. Nikamwonya mapema kwamba nitakaa nikimtazama. "Kaa, mayu," alinijibu, yaani mama. "Kivuli kipo."

Huyu hakugusa gurudumu hata moja mwanzoni. Aliliendesha gari kuzunguka mtaa mpaka likabana, akalirudisha likigumia hadi uani kwetu, akalizima likiwa vile vile limeshikwa. Wale wa kwanza walikuwa wanalifungua likiwa limepoa na limejiachia, akasema, ni sawa na kumpima mgonjwa homa ikiwa imeshuka. Akalegeza nipeli ya gurudumu la mbele, kile kitundu cha kutolea upepo. Mafuta yakaruka kwa nguvu ingawa hakuna aliyekanyaga breki, na gurudumu likajiachia. Akaenda la nyuma, hivyo hivyo. "Presha imefungiwa," akasema. "Magurudumu yote manne hayawezi kuugua kwa pamoja. Ugonjwa uko juu."

Juu maana yake masta silinda, kile kibomba kilicho chini ya boneti, ambacho mguu ukikanyaga ndicho kinachosukuma mafuta kwenda magurudumuni. Akafungua kifuniko cha kopo lake la mafuta. Akabaki amekishika. Ndani ya kifuniko kuna raba nyembamba, nayo ilikuwa imevimba, imejikunjakunja kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Alijaribu kuirudisha mahali pake, haikuenea.

"Nipe glasi ya maji," akasema.

Nikaleta. Akachota mafuta kidogo kutoka kwenye kopo, akayadondosha. Alinieleza kwamba mafuta ya breki halisi yanachanganyika na maji yakapotea. Haya yalikusanyika juu, duara za manjano zinazong'aa, mfano wa mchuzi uliopoa. Akachovya kidole, akanusa, akanisogezea mimi. Nilinusa kitu ninachokinusa kila siku ya maisha yangu: mafuta ya pamba, yale mazito ya mashineni ambayo hayajasafishwa.

"Mtu ametia haya humu," alisema fundi. "Tena siyo mara moja. Raba za ndani zimevimba zote. Gari likipata joto zinazidi, zinaziba kile kitundu cha kurudishia mafuta. Yanakwenda, hayarudi. Breki inajishika yenyewe. Nani anaongeza mafuta kwenye gari hili?"

Furaha niliyoipata nitaisema, ingawa inaniaibisha. Nilifurahi. Kumbe mkono wa mtu ulikuwapo, na mimi nilikuwa sijichoshi bure wiki zote hizo! Nilisema, "Dereva! Nani mwingine?" Nikaanza kupanga kwa sauti nitakavyokwenda kituoni, nitakavyowaita mashahidi, fundi mwenyewe akiwa wa kwanza. Nikamtia na jirani ndani yake, kwamba walishirikiana, kwa maana jirani naye ana madumu ya mafuta ya pamba. Nilikuwa nimefika mbali sana.

Baba alikuwa amezima redio. Akaja polepole na fimbo yake, akasimama kando ya boneti, akamwamkia fundi, akachukua kile kifuniko na kukipapasa.

"Ni mimi ndiye ninayetia," akasema.

Alisema bila wasiwasi, tena kwa namna ya mtu anayetaka apewe sifa yake. Alieleza kwamba kila siku mbili tatu, kabla hatujaamka, anafungua boneti na kulitazama gari, maji, oili, breki, kama alivyofanya miaka yote kiwandani. Akaona kopo la breki linapungua. Hakutaka kunisumbua. Miaka ile ya uhaba, alisema, dukani hakukuwa na kitu, madereva walikuwa wanachemsha akili. Walichanganya mafuta ya nyonyo na spiriti ya hospitali wakatia, na yeye mwenyewe alikwenda Mwanza na kurudi na tela la pamba, na breki zilishika vizuri mno. Siku hizi nyonyo haipatikani kirahisi. Ya pamba yapo hapo kwenye dumu.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza. Kisha akamwambia taratibu, akimwita babu kwa Kisukuma, "Ni kweli, guku. Tulitia. Lakini raba za zamani zilikuwa raba nyingine. Hizi za sasa zikionja mafuta ya kula, zinavimba."

Baba akarudia kukipapasa kile kifuniko. Nikaona uso wake unabadilika kidogo kidogo, jinsi hesabu ilivyokuwa ikimwingia: magurudumu, barabara, mimi kiti cha mbele.

"Yule kijana yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimemfukuza.

"Kwa ajili ya hii?"

Ndipo akaniambia kwamba dereva alishamkuta asubuhi moja na kikombe mkononi, wiki mbili zilizopita, akamwambia kwa adabu kwamba siku hizi haifanywi hivyo. Baba alimjibu, wewe nani alikufundisha? Halafu akamwomba asiniambie. "Nilimwambia ukijua utanifungia hata mlango wa uani. Akaniahidi. Sikujua kama mafuta yale ndiyo yanayoshika gari. Nilidhani anabisha tu, kama vijana."

Nilisikia aibu ya kuniunguza masikio. Yule mtu alijua, au alihisi, na alisimama mbele ya mkwewe akakubali kuitwa mwizi kuliko kulitamka jina la mwalimu wake. Na wiki zote hizo alikuwa akiendesha gari linalobana, ananawa mikono, ananiambia maneno manne. Sikumwonea huruma tu, nilimkasirikia pia kidogo, kwamba angeweza kutuua kwa heshima yake. Yote mawili yalikuwamo ndani yangu kwa wakati mmoja.

Kazi ilichukua siku tatu. Fundi alimwaga mafuta yote, akaosha mabomba, akatupa kila raba iliyogusana nayo, kwenye masta na kwenye magurudumu yote, hata zile hosi mpya. Hakuacha hata moja. Alisema akiacha moja tu nitamwita tena. Siku hizo tatu sikukaa kwenye kigoda kumtazama. Siku ya nne akasema gari linataka safari ya kulijaribia, na baba, ambaye alikuwa hajazungumza nami zaidi ya salamu, akatoka amevaa koti lake la kanisani.

"Twende Nkololo," akasema. "Ukweni kwa yule kijana."

Nilimwambia hakuna haja, nitakwenda mimi mwenyewe, nitaomba radhi. Nilitaka kumsitiri. Nilikuwa nimeshatunga la kusema: kwamba fundi amegundua raba mbovu, raba za dukani, mambo ya kawaida, dereva hana kosa. Lawama nikiitupia dukani, hakuna mzee anayevunjiwa heshima. Baba alipanda gari, akakaa katikati.

Fundi aliendesha. Gari lilikwenda mwendo wote jepesi, likapita hata mahali lilipozoea kubana.

Tulimkuta dereva kule kule kwa wakwe zake, anawasaidia kutengeneza zizi, kwa sababu kurudi mjini kwa aibu hakutaka. Aliponiona aliacha kazi, akafuta mikono, akaniamkia kwa heshima ile ile ya siku zote, na hilo liliniuma kuliko matusi. Mama mkwe wake alitoka akasimama mlangoni, mbali naye kama inavyopasa. Tukaletewa viti. Nikafungua mdomo ili nianze na raba zangu za dukani.

Baba alininyooshea kiganja. Akasimama, akashika fimbo kwa mikono miwili, akamwambia yule mama kwa Kisukuma, polepole, kwamba amekuja mwenyewe kwa sababu jambo ni lake. Mkwe wenu hakuiba, akasema, hakudanganya, hakuchelewa kwa hila. Mimi ndiye niliyetia mafuta ya kula kwenye breki. Yeye alijua akaninyamazia, kwa kuwa nilimfundisha kazi. Matusi aliyotukanwa mnadani yalikuwa yangu.

Yule mama akasema, "Wabeja, baba," akaingia ndani, akarudi na maziwa. Dereva alikuwa ameinama, anachimba ardhi kwa kidole cha mguu. Nami nikasema nililopaswa kusema. Niliomba radhi, nikarudia mbele ya mkwewe maneno yale yale niliyoyasema mnadani na kuyafuta moja moja. Aliniambia yameisha. Atakuja Jumatatu, akasema, lakini alimwambia baba, hakuniambia mimi.

Wakati wa kuondoka, fundi na dereva walibaki nyuma ya gari wakizungumza mambo ya magurudumu. Mimi na baba tukawa tumeshakaa ndani. Nilifikiri amechoka, nikataka kufungua kioo cha upande wangu apate hewa.

"Mayu," akaniambia, anatazama mbele. "Umemshuku dereva. Umemshuku fundi wa kwanza, na wa pili. Umemshuku muuza spea, ukamshuku na jirani yako. Mimi ndiye ninayeshinda na hilo gari uani kutwa, na hukunishuku hata siku moja."

"Ningekushukuje, baba? Wewe ni baba yangu."

"Hapana," akasema. "Uliona siwezi tena hata kuharibu kitu."

Nikaona wiki zile tatu, asubuhi moja baada ya nyingine, nampita na kikombe cha chai nikienda kumtafuta mwenye hatia.